Mti Usiopakwa Mafuta

Kivuli cha mteja kilipoingia mlangoni, fundi alikiangusha kile kitu kwenye lundo la maranda, akakifukia kwa mguu. Akanyakua mguu wa kigoda uliokuwa karibu, akaanza kuupiga msasa kwa bidii ambayo ule mguu haukuihitaji hata kidogo, kwani ulikuwa laini tangu juzi.

"Fundi, mlango wangu vipi?"

"Kesho, mama."

"Kesho ya lini?"

"Kesho hiihii inayokuja baada ya leo."

Mama yule akasonya, akazungusha macho karakana nzima kana kwamba mlango wake umejificha mahali, akaondoka. Fundi akangoja mpaka aliposikia viatu vyake vikivuka mfereji wa nje, ndipo akachutama na kufukua. Akakipuliza vumbi kile kitu, akakigeuza mwangani. Kilikuwa cha mti mweupe, kimekerezwa vizuri, kimesimama imara juu ya kitako chake cha duara. Tusimumunye maneno: nesi wa zahanati alikuwa ameagiza uume wa mti wa kufundishia watu jinsi ya kuvaa kondomu, na fundi alikuwa amekubali kabla akili haijamfikia.

"Nimechoka kufundishia chupa ya soda," nesi alimwambia siku ile alipokuja kuagiza. "Juzi baba mmoja kaniuliza, je, na sisi tusiokunywa soda?"

"Ukubwa gani?" aliuliza fundi, kwani ndilo swali analomuuliza kila mteja. Neno lilipokwisha kumtoka alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nesi hata hakucheka. "Wa kawaida tu, Fundi. Usimtishe mtu, na usimtie mtu tamaa. Nitengenezee mitatu. Na usipake rangi, tafadhali, rangi hubanduka."

Mtaani walimwita Msasa. Mafundi wengine hulainisha upande unaoonekana, basi. Yeye alilainisha mpaka chini ya meza, ambako hakuna anayefika ila mtoto anayejificha, na ukimuuliza kwa nini anajisumbua, alikujibu kwa mshangao, "Kwani mtoto hana ngozi?" Milango yake haikulia. Vigoda vyake havikuchania mtu nguo. Na kazi yake haikutoka karakanani bila mafuta. Alikuwa na kopo lake na kitambaa chake cha fulana kuukuu, akaisugua mbao taratibu mpaka inywe, inywe tena, mpaka ing'ae yenyewe bila kujigamba. Mikono yake ilinuka mafuta hayo asubuhi na jioni. Zamani mkewe alikuwa akimtania kwamba hata taa izimike mtaa mzima, yeye mume wake atamjua kwa harufu.

Nasema zamani, kwa sababu nyuma ya rundo la mbao, pale karakanani, palikuwa na kitanda.

Kilikuwa kitanda chembamba cha mbao za makasha, na fundi alikuwa akilala hapo tangu mtoto wao wa mwisho alipozaliwa. Mtoto huyo sasa anasimama kwa kushika ukuta. Kuzaliwa kwake kulitaka kumchukua mama yake. Damu ilitoka kama iliyofunguliwa bomba, na fundi alikaa kwenye korido ya hospitali akiwa na kanga ya mkewe mapajani, imelowa, hajui aikamue au aikumbatie. Alfajiri daktari akatoka. Akamwambia mkewe amepona, ila mwili wake upumzike sana, kwa sababu mimba nyingine sasa hivi inaweza kuwa hatari. "Mtakuja tuzungumze," akasema daktari, kisha akaitwa mbio na mtu mwingine, na mazungumzo yakaishia hapo.

Fundi akaenda kuzungumza peke yake. Akawaza, akakata shauri kama anavyokata mbao, moja kwa moja. Kama mimba itamuua mama watoto, basi mimba haitakuwepo. Akatengeneza kitanda. Mkewe alipouliza, alisema mtoto analia na yeye ana kazi za alfajiri. Hakumwambia neno la daktari, maana mgonjwa ndiyo kwanza anajifunza kunyanyuka, utamtishaje? Baadaye mgonjwa akapona, akarudi kwenye meza yake ya mboga pale njia panda, akanenepa, akacheka na wateja. Na yeye bado hakumwambia. Jambo ukilichelewesha sana huwa halina tena pa kuanzia.

Ni upendo huo, hata kama umevaa nguo za kinyume. Lakini mkewe angejuaje?

*

Siku ya somo, fundi aliiweka ile mitatu ndani ya mfuko wa vifaa, kila mmoja umeviringishwa kitambaa chake. Palikuwa na wa nne, uliokuwa na fundo la mti ubavuni. Huo aliukataa mwenyewe kabla hata ya kuupaka mafuta, akautupia tu chini ya mfuko pamoja na patasi. Mitatu mizuri ilikuwa imekunywa mafuta mpaka imeshiba. Aliwaza atamkabidhi nesi kwa haraka mlangoni, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani, na kuondoka kabla watu hawajaja.

"Ah, Fundi, umekuja wakati mzuri," nesi akamwambia, akiipokea ile mitatu. "Lile benchi la nyuma linayumba. Jana limemwangusha mama mjamzito. Nigongee kidogo, watu hawajajaa."

Benchi ni benchi. Fundi hawezi kuona mguu unaocheza akageuza uso. Akaingia chini yake na nyundo, akakuta si mguu mmoja tu, ni hata ule upau wa katikati umeachia, na aliyeutengeneza alipiga misumari palipotakiwa ulimi wa mbao uingie tunduni. Akasonya. Akatoa patasi. Alipokumbuka kuinua kichwa, ukumbi ulikuwa umejaa, na mbele yake kulikuwa na msitu wa miguu ya watu.

Ndipo alipoviona vile viatu, karibu na mlango. Ndala za bluu, moja ina mkanda wa ngozi alioushona yeye mwenyewe baada ya mkanda wa plastiki kukatika. Mkewe alikuwa amekuja, na kwa jinsi kisigino kilivyokuwa kikigongagonga sakafu, hakuja kwa furaha.

Kutoka asingeweza. Kubaki aliona haya. Akabaki.

Nesi alikuwa na sinia la bati mezani, na juu yake amepanga vitu vyake. Alivinyanyua kimojakimoja. Vidonge, ambavyo mwanamke anameza kila siku bila kuruka. Sindano, ya kila baada ya miezi kadhaa. Vijiti, vyembamba kama vya kibiriti, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono na kukaa miaka. Kitanzi kinachokaa ndani ya mfuko wa uzazi, miaka mingi zaidi. Na kufunga kabisa, kwa wale waliokwisha kusema basi, mama au baba.

"Baba?" akadakia sauti nene. Fundi aliijua, ilikuwa ya dereva wa lori anayekaa nyumba ya kona, mtu mwema lakini mdomo wake hauna breki. "Baba anafungwa kwa kamba au kwa kufuli?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nesi akangoja kiishe. "Kwa mkato mdogo, anarudi nyumbani siku hiyohiyo, na nguvu zake zote anabaki nazo. Hata za kupiga kelele."

"Sista," akauliza mama mmoja, "eti vijiti vinatembea mwilini mpaka moyoni?"

"Tunaviweka hapa, vinakaa hapa. Ukivichoka unakuja, tunavitoa. Vinaweza kuvuruga damu ya mwezi, hilo sikufichi. Kila njia ina tabia zake, na si kila njia inamfaa kila mtu. Ndiyo maana kwanza tunakuuliza maswali, tunakupima presha, halafu unachagua wewe. Si mimi, si jirani yako."

Chini ya benchi, fundi alikuwa ameisahau kazi. Sinia zima! Vitu vyote hivyo vilikuwepo, umbali wa kutembea kwa mguu kutoka kitandani kwake, miezi yote hii. Na yeye alikuwa akijua njia moja tu, nayo ni kuhama.

"Mimi ninachoma sindano," akasema binti wa saluni, yule anayesuka pale mbele ya soko. "Kwa hiyo mimi niko salama."

"Uko salama na mimba. Na kaswende je? Kisonono? Virusi vya ukimwi? Sindano haizuii hivyo. Wala vidonge, wala vijiti, wala kitanzi." Nesi akachukua pakiti ndogo. "Kati ya hivi vyote, kinachokukinga na maambukizi ni hii kondomu. Inazuia na mimba pia, ukiitumia kila mara na ukiitumia sawasawa. Sasa, leo hatufundishii chupa. Leo tuna kazi ya fundi."

Akaifunua ile mitatu. Ukumbi ukapiga yowe, kanga zikafunika vinywa, mtu akasema "Usione vyaelea, vimeundwa," na fundi kule chini akaziba uso kwa viganja vyote viwili. Lakini tuseme ukweli, palikuwa na kitu kidogo ndani yake kilichosikia raha. Ilikuwa inang'aa vizuri.

Nesi akaonyesha. Tazama tarehe. Bonyeza pakiti uone kama ina hewa. Chana kwa vidole, si kwa meno wala mkasi. Bana ncha, kunjua taratibu mpaka chini kwenye kitako. Akaivalisha yote mitatu, akaipitisha mikononi mwa watu waishike, waivute, haya ziwaishe. Ikazunguka safu kwa safu, huku yeye akiendelea kujibu maswali. Iliporudi mezani, akashika wa kwanza aonyeshe jinsi ya kuvua.

Kondomu ikachanika.

Akacheka kidogo, akashika wa pili. Alivuta kwa uangalifu zaidi. Ule mpira ukalegea vidoleni mwake, ukafunguka ubavuni, taratibu, mbele ya macho ya wote.

"Si nilisema!" Dereva wa lori alikuwa amesimama. "Si nimesema kila siku hapa mtaani? Hizo vitu zinapasuka! Mti tu, haujafanya lolote, umetulia zake, na bado zimepasuka. Sembuse mtu!"

Safari hii kicheko kilikuwa cha aina nyingine. Binti wa saluni alikuwa amekwisha kujichukulia pakiti kadhaa kwenye boksi. Sasa akanyanyuka, akazirudisha, akafuta mikono kwenye sketi. Baba mmoja akazitoa za kwake mfukoni, akazirudisha pia. Nyuma yake wengine wakaanza kukusanya mikoba na watoto. Nesi alisimama akiwa na ule mpira uliochanika mkononi. Kazi ya mwaka mzima ya kubembeleza nyumba hadi nyumba ilikuwa inatoka nje kwa mlango mmoja.

Kisha akasugua kidole gumba na cha shahada. Akanusa. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye benchi la nyuma.

Hakumtaja mtu. Hilo fundi alilikumbuka maisha yake yote, kwamba nesi alijua, na angeweza kumtaja, akanyamaza. Fundi angeweza kukaa kule chini mpaka ukumbi uishe watu. Hakuna aliyemwona ila nesi. Na mlangoni palikuwa na zile ndala za bluu, na heshima aliyobaki nayo machoni pa mwenye ndala ilikuwa kidogo, hakutaka kuipunguza.

Akapiga moyo konde, akatambaa nje. Alitoka na vumbi magotini na patasi mkononi, na mama aliyekuwa amekaa kwenye benchi lile akaruka akidhani ni mwizi.

"Subirini," akasema. Sauti haikutoka. Akakohoa. "Subirini, jamani. Kosa si la mpira. Kosa ni langu."

Watu wakageuka.

"Mimi ndiye niliyetengeneza ile... ile mitatu. Nimeipaka mafuta. Kazi yangu haitoki bila mafuta, mnanijua. Sista alinikataza rangi, mafuta hakuyasema, na mimi sikuuliza." Akamgeukia nesi. "Ni mafuta, sivyo?"

"Ni mafuta," akasema nesi, na pumzi ndefu ikamtoka. "Na kosa ni letu wawili, Fundi, mimi ndiye nilipaswa kukuambia. Sikilizeni, msitoke! Mpira wa kondomu na mafuta haviivi chungu kimoja. Mafuta ya kupikia, ya kujipaka, ya nazi, ya mgando, yote yanaula. Wangapi humu mmewahi kupaka ili iteleze? Sihitaji mkono kuinuliwa."

Hakuna aliyeinua mkono. Lakini dereva wa lori, taratibu sana, akakaa chini.

"Kilainishi chake kipo, ni cha maji, hiki hapa. Mafuta, hapana. Ila sasa," akasema nesi akiitazama ile mitatu inayong'aa, "sina pa kuonyeshea."

"Upo mmoja," akasema fundi. Akaingiza mkono chini ya mfuko, akatoa ule wa nne, wenye fundo, mkavu, mbaya. Akautazama mbele ya watu wote kwa macho yake ya kazi, na tabia ikamshinda. Akatoa kipande cha msasa, akalisugua lile fundo. Ukumbi mzima ukamngoja, kimya, kila mtu akisikiliza karatasi ikikwaruza mti. Alipitisha kidole, akasugua tena, akapitisha kidole. Akaenda kunawa kwa sabuni kwenye beseni la nesi, akajifuta, ndipo akamkabidhi.

Nesi akavalisha, akavuta, akaachia. Akavua, nzima. Kisha akachukua nyingine mpya, akamwendea dereva, akamwambia, "Lete ngumi." Akamvalisha ngumi yote, akaikunjua mpaka karibu na kiwiko, juu ya mkono ule unaozungusha usukani wa lori. Haikuchanika.

"Haya," akasema nesi. "Mkono wa dereva umeingia. Yupo mwanamume mwingine humu mwenye kisingizio?"

Kina mama walicheka mpaka wengine wakatoa machozi. Dereva mwenyewe alicheka, akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Nimeshindwa, Sista. Nimekubali mbele ya mashahidi." Binti wa saluni akarudi kwenye boksi. Yule baba naye akarudi, akijifanya anatafuta kofia.

Fundi alikuwa bado amesimama.

"Sista, nina swali," akasema. "Si langu. Kuna mtu namjua."

"Uliza, Fundi."

"Mtu huyo mkewe alijifungua kwa shida. Daktari akasema mimba nyingine itakuwa hatari. Basi yule mtu... akahama chumba. Hakujua kama kuna sinia kama hili. Alidhani ndiyo njia." Alikuwa akizungusha patasi mikononi. "Je, alikosea?"

Kabla nesi hajafungua mdomo, sauti ilitoka mlangoni. Haikuwa kubwa.

"Mtu huyo alimwambia mkewe?"

Fundi hakugeuka mara moja. "Hakumwambia."

"Kwa nini?"

"Aliogopa kumtisha. Ndiyo kwanza amepona."

"Na mkewe alifikiri nini, mwaka mzima?"

"Sijui," akasema fundi, akageuka. "Hilo ndilo ninaloogopa kuuliza."

Mkewe alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, macho yanang'aa, kidevu kimekaza. "Alifikiri amekuwa mbaya," akasema. "Alifikiri mume alimwona siku ile amelala kwenye damu, akamchukia. Au amepata mwingine. Kliniki walimuuliza kama anataka kupanga uzazi, akawaambia ya nini, mume wangu hata mlango wa chumba ameusahau."

Hapakuwa na aliyecheka. Hata dereva, ambaye kwa kawaida kimya humuuma kama kiatu kipya, alitazama chini. Kisha akasema, kwa upole ambao hakuna aliyemdhania, "Shemeji, mficha uchi hazai, walisema wahenga. Kumbe na huyu ndivyo alivyopanga uzazi." Na mke wa fundi, bila kutaka, akacheka huku anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

*

Chumba cha nesi kilikuwa na kiti kimoja kizuri na kimoja kibovu. Fundi alikaa kwenye kibovu.

"Leo asubuhi nimempelekea chai," mkewe alimweleza nesi, "nikainua mto, nikakuta hicho kidude cha mti kimefungwa kitambaa kama mtoto mchanga. Na watu walikwisha kuniambia ananong'ona na wewe mlangoni. Nikasema leo namfuata mpaka nijue."

"Umejua sasa?"

"Nimejua. Lakini Sista," akamtazama mumewe, si nesi, "nataka tupimwe. Wote wawili. Sisemi umefanya, baba watoto. Nasema mwaka mzima nimelala na maswali, sitaki kulala nayo tena."

Fundi alihisi lile neno likimchoma. Hakuwahi kumwangalia mwanamke mwingine. Usiku alikuwa akihesabu mbao za dari. Angeweza kukasirika, wanaume wengi wangekasirika, na mtaa ungewapa haki. Akafikiria kanga iliyolowa. Akakunja mkono wa shati.

"Anza na mimi," akamwambia nesi.

Majibu yalipotoka yalikuwa salama, yake na ya mkewe. Nesi akawaeleza watarudi lini kurudia kipimo cha damu ili wawe na hakika kabisa, na kwamba mpaka hapo watumie kondomu. Kisha akaliweka lile sinia mbele ya mama, akamuuliza kuhusu ile damu, kuhusu presha, kuhusu kichwa na miguu.

"Huna mimba?"

"Ya nani, Sista? Ya upepo?"

Fundi akainamisha kichwa. Nesi akageukia dirisha kuficha kicheko.

"Na mimi naweza kufungwa," fundi akasema ghafla. "Ile ya baba. Mimi niko tayari hata leo."

"Hilo ni la kufikiri pamoja, na si la leo," akasema nesi. "Leo ni zamu ya mama."

Mkewe alivinyanyua vile vitu kimojakimoja, akavigeuza, akauliza, akavirudisha. Hakuna aliyemharakisha. Mwisho akachagua vijiti. Vilipowekwa alitazama pembeni na kushika kidole cha mumewe, kile cha shahada, chenye kovu la patasi, akakibana mpaka kikawa cheupe.

"Wiki ya kwanza msitegemee vijiti peke yake," nesi alisema akifunga bandeji, akamsogezea fundi pakiti. "Na wewe, Fundi, somo la mafuta unalijua kuliko mtu yeyote."

*

Jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya mapaa alipokaa chini karakanani na bisibisi, kando ya kile kitanda. Mkewe akaja, mtoto yuko kiunoni, bandeji nyeupe mkononi. Akasimama anamtazama akifungua mguu wa kwanza.

"Umekifunga kwa skrubu," akasema.

"Ndiyo."

"Kitanda cha makasha, skrubu? Wewe si ungepiga misumari tu?"

Fundi akaendelea kuzungusha bisibisi. "Cha misumari hakifunguki bila kuharibika," akasema. "Na hiki nilitaka kifunguke."

Mtoto alinyoosha mkono kutaka bisibisi, akakatazwa. Kisha mama akainama, akachukua mto uliokuwa juu ya mbao, akaukung'uta maranda, akauweka kwapani upande wa mkono usio na bandeji. Akatoka. Ndala zake zilivuka mfereji, zikaelekea nyumbani, na moja ilipiga tofauti na mwenzake kwa sababu ya ule mkanda wa ngozi.

Fundi alipanga mbao ukutani. Akafunika kopo la mafuta, akaligonga mfuniko ukaze. Kisha akaenda bombani na kipande cha sabuni, akanawa mikono, viganja, kati ya vidole, chini ya kucha. Akaileta puani, akanusa. Akafungua bomba, akanawa tena.